Mwihaki na Ukurasa wa Maombi

Mwihaki ni mwoga. Hilo nalisema hata mbele yake, naye hucheka, kwa hivyo sijamsengenya. Saiba yake, duka la kompyuta na mtandao, iko mtaa wa Munyaka, mlango wa pili kutoka kwangu mimi ninayeuza chai na mandazi. Kila jioni akifunga, hulitikisa kufuli, huondoka kidogo, kisha hurudi kulitikisa tena. Nimemwuliza mara nyingi hilo kufuli limemkosea nini. Hunijibu, "Mama Mburu, wewe wacha tu."

Mwanzo wa woga huo naujua. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka ule wa ghasia za uchaguzi, na yeye na mama yake walilala kwenye hema pamoja na sisi majirani. Kinachomrudia usingizini, aliwahi kuniambia, si moshi wala kelele. Ni watu wageni waliopita kabla ya hayo yote, wakiuliza kwa upole nani anakaa nyumba ipi. Tangu hapo ukimwuliza Mwihaki fulani anaishi wapi, hata kama umebeba kadi ya mwaliko wa harusi, atakwambia hajui. Wapo wanaomwona ana maringo, na wateja kadhaa wamemhama kwa sababu hiyo.

Alisomea kompyuta kwenye chuo kimoja hapa mjini, akaajiriwa kidogo na kampuni iliyokuja kufungwa, ndipo akafungua saiba. Huchapisha vijitabu vya mazishi, huwajazia watu mambo ya serikali mtandaoni, na asipokuwa na mteja hukaa akiandika programu zake mwenyewe. Ndivyo alivyolitengenezea kanisa letu ukurasa wa maombi.

Niueleze huo ukurasa, maana shida yote ilitokea hapo. Zamani mtu akiwa na jambo alimpigia mwombezi mmoja simu, naye akampigia mwenzake, na ombi likifika kwa wa mwisho, mgonjwa wa figo amekuwa mgonjwa wa figo aliyekimbiwa na mke. Mwihaki akasema yaandikwe mahali pamoja. Mwombezi anafungua anwani kwenye simu, anaandika ombi, na wenzake wanalisoma vile lilivyo. Alinifafanulia kwamba kuna kompyuta mahali fulani mbali inayoitwa seva. Ukiuomba ukurasa, seva inaupika mzima na kukuletea ukiwa tayari, na simu yako kazi yake ni kukuonyesha tu. Mimi habari ya kupika niliielewa, mengine nikamwachia mwenyewe.

Kikwazo kilikuwa Mama Tryphosa. Huyu ni kiongozi wa waombezi, mama wa kutoka upande wa Webuye, na moyo wake ni safi, hilo sibishani na mtu. Lakini ana mafundisho mawili ambayo huyang'ang'ania kama leso yake. La kwanza, ombi lazima litaje jina na mahali. "Ukisema 'dada fulani', malaika watatumwa kwa nani?" huuliza. La pili, ombi halifutwi mpaka lijibiwe. Likijibiwa linahamishiwa upande wa shukrani. Lisipojibiwa linakaa, na kulifuta ni kumwambia Mungu kwamba mmechoka kumngoja. Kwa hiyo Mwihaki alipopendekeza ukurasa uwekwe neno la siri, Mama Tryphosa alikataa kata kata.

"Nyumba ya maombi haiwekwi padlock, mwanangu," alimwambia.

Mwihaki angeweza kubishana, maana kazi anaijua, lakini kubishana na wakubwa ni kati ya vitu vingi anavyoviogopa. Akanyamaza. Ukurasa ukakaa wazi kama kiosk, na yeyote aliyekuwa na anwani yake, au aliyetafuta jina mtandaoni akaangukia hapo, aliweza kusoma shida za watu wote wa kanisa letu.

Basi Jumamosi moja mchana akaja mwanamume kunywa chai kwangu. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa, sauti ya chini. Aliniita Mama kwa heshima, akasifu mandazi, kisha akauliza kama kuna mahali hapa karibu anapoweza kuchapisha karatasi. Nikamwelekeza kwa Mwihaki, na mimi mwenyewe nikafuata nyuma na kikombe cha Mwihaki, ndiyo sababu haya niliyaona kwa macho yangu.

Yule mwanamume alitoa mfukoni picha ya harusi iliyokunjwa katikati, bibi harusi akabaki peke yake.

"Madam, nataka unitengenezee poster," akasema. "Huyu ni wife wangu. Amepotea. Andika 'Ametoweka', halafu uweke namba yangu hapo chini. Mimi naitwa Lazarus."

"Na yeye anaitwa nani?" Mwihaki akauliza.

"Sylvia Nakhumicha."

Jina hilo mimi sikulijua. Mimi si mwombezi, miguu yangu haiwezi mikesha. Lakini nilimwona Mwihaki akiacha kuandika, vidole vikiwa juu ya herufi, kisha akaendelea kana kwamba alikuwa akifikiria tahajia.

"Tena uniangalizie hilo jina kwa mtandao," Lazarus akasema, akivuta kiti mpaka bega lake likakaribia la Mwihaki. "Simu yangu iko kwa fundi, screen ilipasuka. Siku hizi watu wanawekwa kwa mtandao bila hata kujua."

Hakukuwa na namna ya kukataa bila kuzua swali. Mwihaki aliandika jina, akabonyeza. Majibu yakaja, na la kwanza kabisa lilibeba jina la kanisa letu. Chini yake palikuwa na maneno machache: "Tumwombee dada yetu Sylvia Nakhumicha ambaye amepitia mateso mengi mikononi mwa". Yalikatika hapo. Mwihaki alijua yanavyoendelea, kwa sababu aliliona ombi hilo siku lilipoandikwa na Mama Tryphosa. Lilisema mikononi mwa mume wake Lazarus aliyemvunja mkono, na kwamba sasa dada huyu anapika kwenye kambi ya mazoezi ya wakimbiaji wa mbio kule Kaptagat, kwa ndugu Isaiah anayeisimamia, na Bwana amfiche ili mume asimpate. Ombi la kumficha ndilo lililosema alikojificha.

Mwihaki akaunyosha mguu chini ya meza, akauvuta waya. Kompyuta ikazimika.

"Stima imepotea," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama chini ya taa inayowaka. Lazarus aliiangalia ile taa, akaniangalia mimi, akamwangalia Mwihaki. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya, maana kule kwangu kulikuwa na sufuria ya maji inachemka. Yeye alitabasamu tu na kuiacha picha mezani.

"Ni sawa, madam. Itengeneze pole pole," akasema. "Nimeona kuna kanisa hapa linaombea watu. Kesho nitakuja niwashukuru."

Alipotoka, Mwihaki alikaa amejikumbatia kama mtu mwenye homa. Hapo ndipo aliponieleza yote, kwa sauti ndogo, huku akitazama mlango. Nikamwambia alifute hilo ombi mara moja. Aliiwasha kompyuta tena, akafika mahali pa kufutia, na mkono ukamkataa.

"Mama Mburu, nikilifuta halafu kitu kimpate, nitajiambia nini?" akasema. "Hatujaambiwa limejibiwa."

Nilitaka kumtikisa. Lakini mtu anayemwogopa mwanadamu na Mungu kwa wakati mmoja huwezi kumtikisa, atavunjika. Nikasema basi twende Kaptagat wenyewe tukamwondoe huyo dada. Akaniuliza, "Na kama ametusubiri hapo nje atufuate?"

Akaamua kuufunga ukurasa. Aliniomba nisimame mlangoni nimwangalizie, na mandazi yangu yakapoa bila mwenyewe. Kila mwanamume aliyepita na shati jeupe nilimwona ni Lazarus. Nyuma yangu nilisikia vidole vya Mwihaki tu, na mara moja moja akinong'ona maneno ambayo sikujua kama ni ya kompyuta au ni sala.

Kazi yenyewe, alisema, ni ndogo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huifanya kama mazoezi. Unaweka mlango. Mtu akija, seva inamwuliza neno la siri, moja kwa kundi zima. Akilijua, seva inaiachia simu yake kama kijikaratasi cha kumtambulisha, asije akaulizwa kila anapogeuka. Asipolijua, anabaki nje. Aliufungua ukurasa akakuta mlango, akashusha pumzi, na mimi nikashusha yangu.

Kisha akachukua simu yake, akatafuta jina la Sylvia vile Lazarus alivyotaka, akagusa lile jibu la kwanza. Ombi likafunguka lote. Kaptagat, kambi, Isaiah, mkono uliovunjika, kila kitu, bila kuulizwa lolote. Mwihaki alikuwa ameufunga mlango wa mbele tu, na kila ombi lilikuwa na anwani yake yenyewe, kama nyumba ambayo kila chumba kina mlango wa kutokea uani.

Akarudi kwenye kiti. Safari hii aliiamuru seva isipike ukurasa wowote ule kabla ya kuona kijikaratasi. Akajaribu kwa simu yake, pamefungwa. Akaazima yangu, pamefungwa. Akajaribu kwa kompyuta nyingine, na nyingine, kisha akarudia simu yangu. Yale maneno yaliyokatika bado yalionekana mtandaoni kwa mtu anayetafuta. Aliwaandikia wenye mtambo wa kutafutia wayaondoe, akaambiwa angoje.

Ndipo akampigia Mama Tryphosa, akaiweka simu kwenye spika ili nami nisikie. Alimweleza kuhusu Lazarus, picha, na jibu la kwanza.

"Weka hiyo password, mwanangu," Mama Tryphosa akasema. "Weka hata mbili."

"Nimeshaweka, Mama. Ni mawe matano laini, yale ya Daudi, yameshikana. Nimeiweka hivyo ili isiwasumbue wazee. Waambie waombezi peke yao. Na tafadhali mpigie Isaiah amtoe Sylvia huko leo."

"Isaiah nimempigia tangu asubuhi kwa jambo lingine, hapatikani. Huko msituni network ni ya kupandia kilima. Nakutumia namba yake na wewe ujaribu. Kesho mimi nahubiri kwenye lile tawi letu la ng'ambo ya mji, nikimaliza nitampata. Lakini si umeshafunga?"

Si umeshafunga. Neno hilo lilitutuliza sote watatu, na tahadhari ikaishia hapo. Mwihaki alijaribu namba ya Isaiah mpaka simu ikawa moto mkononi, haikushika. Mimi nililala usingizi wangu wa kawaida. Yeye, ukimwangalia macho asubuhi, hakulala.

Lazarus alikuja kanisani kama alivyoahidi. Aliketi karibu na mbele, Biblia mapajani, na simu yake ikiwa na kioo kipya. Wageni walipoombwa wasimame, alisimama, akasema jina lake na kwamba anafurahi kuwa nyumbani mwa Bwana, na kanisa zima likampigia makofi. Mwihaki alikuwa amenishika kiganja kwa nguvu mpaka pete ikaniuma. Sikumwambia alegeze.

"Kwa nini usimwambie pastor?" nikamnong'oneza.

"Nikisimama ataniona naongea," akasema. "Acha tu akae. Ukurasani hawezi kuingia."

Sasa niwaeleze jambo moja kuhusu matangazo ya kanisa letu, kwa sababu mtu wa kwingine hataamini. Kwetu kila tangazo lina mwenyewe. La akina mama ni la akina mama, la vijana ni la vijana, na wasiohusika wanalisikia lote kwa masikio yao na kujifanya hawakusikia. Ni adabu. Hivyo ndivyo tunavyojua nani ana mkutano wapi na kwa sababu gani, na hakuna anayemwuliza mwenzake. Jambo lisilotangazwa, nalo, huzaa manung'uniko ya mwaka mzima, eti kuna watu wanafichwa mambo. Anayesoma matangazo ni Mzee Gerishon, karani mstaafu, mtu ambaye hajawahi kuruka nukta tangu azaliwe. Kwa kuwa Mama Tryphosa hangekuwepo, alikuwa amemtumia ujumbe kwa simu awafikishie waombezi neno la siri. Alimaanisha awavute pembeni mmoja mmoja. Hakusema hivyo, kwa sababu kwake lilikuwa jambo lililo wazi.

Mzee Gerishon alisoma la akina mama. Akasoma la vijana. Akavaa miwani vizuri.

"Tangazo kwa waombezi," akasema, na vipaza sauti vikalipeleka neno mpaka barabarani. "Ukurasa wetu wa maombi sasa una password, kwa ajili ya usalama. Password ni mawe matano laini. Herufi zote ndogo, bila kuacha nafasi. Narudia."

Akarudia. Alilitaja silabi kwa silabi, kama anayemsomesha mtoto.

Mwihaki alisimama. Naapa sijawahi kumwona akisimama kanisani ila wakati wa kuimba. Aliinua mkono kama anayetaka kumzuia. Mzee Gerishon akamwona, uso wake ukachangamka.

"Huyo ndiye fundi wetu aliyetufanyia hiyo kazi," akasema. "Hebu tumpigie makofi kidogo."

Akapigiwa makofi. Katikati ya makofi hayo nilimwona Lazarus ameinamisha kichwa, na kidole gumba kinatembea juu ya kioo kipya.

Mwihaki akaanguka kwenye kiti na kutoa simu. Kubadilisha neno la siri kulihitaji kompyuta, na kompyuta ilikuwa saiba. Kufuta ombi aliweza hata kwa simu. Safari hii hakuniuliza wala hakumwuliza Mama Tryphosa. Aligusa, ombi la Sylvia likatoweka, na nikaona machozi yakidondoka kwenye kioo huku akitafuta mahali panapoonyesha nani ameingia. Palikuwa na mtu mmoja tu. Alikuwa amelitoa neno la siri sawasawa na kufungua ombi moja, kabla tu ya Mwihaki kulifuta.

"Lifute na huko kwake," nikamwambia, kwa ujinga wangu.

"Haiwezekani," akasema. "Ukishapikwa ukapelekwa, uko kwake."

Maji yakimwagika hayazoleki. Lazarus alisoma bila haraka. Kisha alisimama, akainamisha kichwa kuelekea madhabahuni kama mgeni mwenye adabu anayewahi safari, akashuka ule ujia wa katikati. Alipotufikia alipunguza mwendo.

"Asante, madam," akasema, na kutoka.

Tulisikia gari likiwashwa. Mwihaki aliinuka akaenda nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji, nami nikamfuata nikiwa nimebeba viatu vyake kwa sababu alikuwa ameviacha chini ya benchi. Alipiga namba ya Isaiah. Nilikuwa nimeshakata tamaa nayo, na ikaita.

"Haloo?" mtu akasema, upepo mwingi nyuma yake.

"Ni Isaiah? Mimi ni Mwihaki wa kanisa la Mama Tryphosa. Sylvia yuko wapi?"

"Nimemwacha camp anapika lunch ya vijana. Mimi nimepanda huku juu nitafute network. Kuna nini?"

"Mume wake ametoka hapa sasa hivi na gari. Anajua ni kwako. Mtoe, kaka. Kimbia umtoe."

Hakuuliza zaidi. Tulisikia miguu yake ikiteremka kwenye majani, pumzi zake, kisha mtandao ukakatika. Mwihaki aliniangalia. Kutoka kwetu mpaka Kaptagat kwa gari si mbali, na Jumapili barabara iko tupu. Nilijaribu kumwazia Isaiah, kama ni kijana au ni mzee, kama ana magoti mazima. Ndani walikuwa wanaimba, na mimi, ninayependa wimbo ule, nilitamani wanyamaze.

Hatukurudi ibadani. Tulikwenda saiba, Mwihaki akatufungia ndani na kubadilisha neno la siri, ingawa alisema mwenyewe kwamba ni kazi ya bure. Halafu tukakaa. Sijui kama mmewahi kungoja simu ambayo mnaiogopa. Kila ilipotoa mwanga, ilikuwa tangazo la kampuni ya mawasiliano. Mwihaki hakulia tena. Alikuwa anaiangalia picha ya bibi harusi iliyokuwa bado mezani, na aliigeuza ikalala kifudifudi.

Mama Tryphosa alifika akiwa bado na kanzu yake ya kuhubiria. Mzee Gerishon alikuwa amemweleza jinsi tangazo lilivyokwenda vizuri, maskini, akitarajia sifa. Hakusema salamu. Alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia Lazarus, na mikono yake mikubwa ikawa inaikunjakunja leso.

"Niliandika mimi," akasema. "Jina na mahali."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, makali, na nilipomwangalia uso nikayameza.

Isaiah akapiga, akiwa amerudi juu kwenye network. Alizungumza haraka, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuchungulia kifo. Alikuwa amemkuta Sylvia jikoni, amemwambia neno moja tu na kumpa namba ya Mwihaki, na Sylvia ameacha mwiko ndani ya sufuria akatokea mlango wa nyuma, akaingia msituni na ndala zake, bila nguo za kubadilisha, bila kitu. Gari lilifika ugali ukiwa bado unafuka moshi. Mwanamume aliyeshuka alisalimia kila mtu, akazunguka jikoni, akagusa ule mwiko, akauliza nani alikuwa anapika. Vijana wa camp walisimama mbele yake wote, wembamba kama walivyo, wakasema ni wao wanapikiana zamu. Akawashukuru na kuondoka. Lakini gari lake, Isaiah akasema, halijaelekea mjini. Limeelekea juu, msituni.

"Na Sylvia?" Mwihaki akauliza.

"Sijui, dada. Sijui kabisa."

Jua lilihama kutoka mlangoni likapanda ukutani. Mama Tryphosa alikuwa amefumba macho na midomo yake inasogea, na mara moja nilisikia akisema "Kaptagat" na kuacha, kama mtu aliyejing'ata ulimi.

Simu ya Mwihaki ikaita kwa namba ngeni. Aliitazama mpaka nikadhani ataiacha ikatike. Kisha akaipokea, akaiweka mezani kwenye spika.

"Ni Mwihaki?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini sana, yenye mafua au kilio. "Isaiah alinipa hii namba nikikimbia. Nimeazima simu ya mtu. Niko hai."

"Mungu wangu," Mwihaki akasema. "Sylvia. Uko w—" Akajiziba mdomo kwa kiganja. Kisha akakitoa. "Usiniambie. Usiniambie uko wapi."

"Siwezi kukuambia. Mama Tryphosa ako hapo?"

"Niko, mwanangu," Mama Tryphosa akasema, akiinamia simu. "Nisamehe. Tangu saa ile nakuombea, na usiku huu tutakusanyika wote tuku—"

"Mama, asante kwa yote. Mlinipatia kwa kulala na chakula, sitasahau. Lakini msiniombee tena."

"Mwanangu."

"Tafadhali, Mama. Jina langu lisitajwe kwa mkutano wowote. Lisitajwe na mtu yeyote, hata kwa Mungu. Niacheni tu nipotee."

Simu ikakatika. Mama Tryphosa alibaki ameinama pale pale. Mwihaki aliichukua simu, akaitafuta ile namba ngeni, akaifuta.